Mpime Mtu na Mzigo Wake

SEHEMU YA 1: Sweta mbili na ngumi yangu

Nesi wenu nimerudi. Najua niliwaahidi wiki hii tuendelee na chanjo. Chanjo tutazirudia, naomba mnivumilie. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumanne na nisipolisema silali.

Jumanne asubuhi kliniki ilikuwa na baridi ile ya Julai. Wenye kuishi nyanda za juu mnaijua, ile ya kutoa moshi mdomoni kama umevuta sigara. Akaja mama kijana na mumewe, mtoto wao ana miezi saba. Wana kigari chao kidogo, na wamejitahidi wakanunua kiti cha mtoto cha gari. Mimi nilifurahi sana, maana wazazi wengi wanaona kiti kile ni mapambo ya wenye nazo.

Nikasogea kumsaidia mama kumtoa mtoto. Jamani! Alikuwa na fulana, sweta mbili, na juu yake lile vazi zito la manyoya lenye kofia ya masikio ya sungura. Mikono imesimama kama ya mwanasesere, haikunjiki. Mkanda umekaza kifuani, ukiutazama unasema safi kabisa, mtoto kafungwa vizuri.

Tukaingia ndani, tukamvua zote, tukampima uzito. Kila kitu sawa. Wakati wa kuondoka nikamwambia baba, "Ebu tufanye jaribio moja kabla hamjaondoka." Tukamweka mtoto kwenye kiti akiwa na fulana moja tu, tukafunga mkanda bila kugusa urefu wake, vilevile kama walivyokuja nao. Halafu nikapitisha mkono kati ya mkanda na kifua cha mtoto.

Ngumi yangu ilipita. Sisemi kidole, nasema ngumi nzima.

Mama akashika mdomo. Nguo zile ni laini, zimejaa hewa. Gari likisimama ghafla au likigonga, zinabonyea mara moja, na ile nafasi ya ngumi inakuwa nafasi ya mtoto kuchomoka. Mkanda ulikuwa umeifunga nguo, mtoto mwenyewe hakufungwa.

Baba alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Nesi, hii ndiyo shida yetu sisi kwenye gari la deraya. Ila kwetu imegeuka." Kumbe ni mwanajeshi, na amewahi kwenda kulinda amani nje ya nchi. Akanieleza kwamba kwao nguo ya kinga ni ngumu, haibonyei hata kidogo. Kiti kinakuwa chembamba, mlango unakuwa mwembamba, mkanda haufiki. Mtoto wake mkanda ulibaki na nafasi, yeye mkanda ulikuwa haumtoshi. Lakini kosa ni lilelile, aliyepanga nafasi alifikiria mwili akasahau kilichovaliwa juu yake.

Basi nikaanza kusoma, na leo nataka niwaletee nilichokipata. Msikimbie mkidhani nawapeleka jeshini. Mwisho wa yote tunarudi kwenye mbeleko, daladala na lile benchi letu la kliniki.

SEHEMU YA 2: Askari akivaa, anakuwa mtu mwingine

Ukienda kwa fundi cherehani anakupima na futi kamba ukiwa na nguo nyepesi. Ni sahihi, anataka mwili wako. Na sisi kliniki tunamvua mtoto kabla ya kumweka kwenye mizani, maana dozi ya dawa inafuata kilo zake mwenyewe, sweta haihesabiwi.

Majeshi nayo yanapima watu hivyo. Jeshi la Marekani lilifanya upimaji mkubwa wa askari wake mwaka 1987 hadi 1988, halafu likarudia, likamaliza mwaka 2012. Hiyo mara ya pili walipimwa wanaume 4,082 na wanawake 1,986, na kila mmoja alichukuliwa vipimo zaidi ya 90: urefu, upana wa mabega, unene wa kifua, urefu wa paja akiwa amekaa, mpaka mguu na kichwa. Walipimwa wakiwa na nguo chache sana mwilini. Kazi kubwa na nzuri. Vipimo hivyo ndivyo vinasaidia kushona kombati, kutengeneza helmeti na kupanga viti vya magari.

Sasa tatizo liko hapa. Mtu aliyepimwa kwenye chumba kile siye anayeingia kwenye gari. Anayeingia kwenye gari amevaa helmeti na fulana ya kuzuia risasi, mapochi ya risasi kifuani, redio, chupa ya maji, pochi ya huduma ya kwanza, bunduki mkononi, na pengine shanta mgongoni.

Fulana ile peke yake, kwa aina waliyokuwa wanavaa Wamarekani kule Iraki na Afghanistani, ikiwa na vibamba vyake vyote ilikuwa karibu kilo 14 kwa saizi ya kati. Mama zangu, kilo 14 ni mtoto wa miaka mitatu. Mbebe mwanao wa miaka mitatu kuanzia asubuhi, uingie naye kwenye gari, utoke naye, ukimbie naye, ulale naye chini kifudifudi, halafu uniambie jioni mgongo unasemaje.

Na hiyo ni fulana tu. Mwaka 2003 Wamarekani walituma watu wao wakapime kabisa uzito ambao askari wa miguu walikuwa wanabeba kule Afghanistani. Wastani wa mzigo wa kupigania, yaani kile ambacho hakivuliwi, ulikuwa kama kilo 29. Huyo ni mtoto wa miaka tisa. Wakiongeza shanta la safari, wastani ukafika kama kilo 46. Ni mfuko wa saruji umepungua kilo nne.

Mimi lakini kilichonishangaza zaidi ni ukubwa. Ndani ya fulana kuna kibamba cha kauri mbele na kingine nyuma, kila kimoja kina unene wa sentimita mbili na ushee. Ongeza kitambaa kizito cha fulana yenyewe. Ongeza mapochi ya risasi juu ya tumbo. Upande wa mbele peke yake umesogea kama upana wa kiganja. Mgongo umesogea nyuma, mikono haikai tena karibu na mbavu, inasimama pembeni kama ya yule mtoto wa Jumanne. Helmeti imeongeza urefu, na kwa nyuma inagusa ukingo wa fulana mtu akilala kifudifudi akainua macho.

Kwa lugha yetu ya wodini, ni kama mtu amepewa mimba ya miezi saba asubuhi akaivua jioni. Na kila aliyewahi kuwa na miezi saba anajua: njia uliyopita jana kati ya meza na ukuta, leo hupiti.

SEHEMU YA 3: Kila kinachookoa kinakula nafasi

Nataka niwe mkweli hapa, nisije nikaonekana nalaumu fulana. Fulana imerudisha watoto wa watu nyumbani. Kila kipande kilichoongezwa kiliongezwa kwa sababu kuna mtu alikufa pale ambapo hapakufunikwa. Katika vita vya Iraki, madaktari wa jeshi la Marekani walichunguza miili ya wanajeshi wa majini waliouawa, wakaona wengi walipigwa sehemu ambazo vibamba havikufika, zikiwemo mbavu na mabega. Vibamba vya ubavuni vikagawiwa kwa wingi. Ni uamuzi ambao mama yeyote angeusaini.

Lakini kibamba cha ubavuni kinaongeza upana. Na siti ya gari ilikwisha kuchongwa zamani.

Chukueni mfano wa Humvee, lile gari pana la jeshi mnaloliona kwenye sinema. Lilibuniwa kama gari jepesi la kubebea watu na vitu. Mabomu ya barabarani yalipoanza kuua Iraki, likavalishwa deraya. Gari nalo likavaa fulana! Milango ikawa minene na mizito mno. Kwa hiyo ndani kuna mtu aliyenenepa kwa zana, na nje kuna gari lililonenepa kwa chuma, na katikati kiti ni kilekile.

Matokeo yake ni mambo madogomadogo ambayo mtu wa ofisini hayaoni. Mkanda wa kiti ukipita juu ya fulana na mapochi unaishia njiani. Au unafika, lakini mkono wenye glavu hauoni pa kuchomeka kwa sababu mapochi yamefunika. Askari anafanya ambacho na wewe ungefanya: anaacha kufunga. Gari likipinduka, aliyenusurika bomu anauawa na paa la gari. Na gari likilalia ubavu, mlango uliokuwa pembeni sasa uko juu, nao ni mzito, na wewe umevaa mtoto wa miaka tisa. Likipindukia mtoni ndiyo usiseme.

Jeshi lile lilitengeneza mpaka kifaa cha mazoezi kwa ajili ya jambo hili. Ni bodi la Humvee lililowekwa kwenye mhimili, askari wanaingia na zana zao zote, wanafungwa mikanda, halafu linazungushwa kama kuku kwenye mashine ya kuchomea. Likisimama miguu juu wanajifunza kushika paa kwa mkono mmoja, kufungua mkanda kwa mkono mwingine, na kutafuta mlango. Wanaofundishwa wanafundishwa wakiwa na zana, maana ukifundishwa na fulana ya mazoezi umefundishwa kumwokoa mtu mwingine, si wewe.

Watafiti wa majeshi nao wameanza kupima watu mara mbili, mara moja wakiwa hawana kitu na mara ya pili wakiwa na zana kamili, ili anayechora siti, mlango au ngazi ya gari ajue nafasi ya kweli. Mimi nasema hiyo ndiyo akili.

Mtu ataniambia, "Nesi, si watengeneze tu magari makubwa?" Siyo rahisi hivyo. Gari likiwa kubwa linakuwa zito, linazama kwenye tope, daraja la kijijini halilibebi, na adui analiona kwa mbali. Kila mahali kuna bei. Ninachokataa ni ile bei kulipwa na mtu ambaye hakuulizwa, kwa sababu tu siku ya kupima alikuja bila mzigo wake.

Na hizi habari haziko mbali nasi. Vijana wa Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi wamekwenda Somalia, Kongo, Darfur, Afrika ya Kati, wanavaa fulana na helmeti kwenye joto ambalo hata bila fulana unatafuta kivuli. Kuna wanaosoma hapa ambao waume zao wako huko sasa hivi. Nawaombea wote warudi salama, na wakirudi wanalalamika mgongo, msiwaambie wanadeka.

SEHEMU YA 4: Mwili mdogo ndio unaolipa

Hapa ndipo mimi kama nesi nilipokaa chini.

Mzigo mzito unaobana mwili unaacha alama. Madaktari wa jeshi wanaujua ugonjwa unaoletwa na mikanda ya shanta: mkanda unakandamiza mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi, mkono unakufa ganzi, bega linakosa nguvu, mtu anashindwa kuinua mkono kuchana nywele. Wengi hupona, lakini inaweza kuchukua wiki au miezi.

Kuna mwingine. Ukikaa muda mrefu na fulana inayokandamiza kwenye nyonga, kuna mshipa wa fahamu unapita pale kwenda kwenye paja kwa nje. Ukibanwa, paja linawaka kama pilipili au linakufa ganzi. Sasa niambieni, sisi kliniki tunauona ugonjwa huu kwa nani? Kwa mama mjamzito, na kwa anayevaa suruali au mkanda unaobana sana nyonga. Askari aliyevaa deraya na mama wa miezi minane wanalalamikia paja lilelile! Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu ukiangalia ni nani anaumia zaidi, ni mwenye mwili mdogo. Kibamba cha saizi fulani kina uzito uleule hata kama aliyekivaa ana kilo 90 au 55. Askari wanawake wa Marekani walitumikia Iraki na Afghanistani miaka mingi wakivaa fulana zilizokatwa kwa kifua cha mwanaume. Ilikuwa ndefu mno kiunoni. Wakikaa kwenye gari, chini inachoma mapaja na juu inapanda mpaka kidevuni. Mabegani ilikuwa pana, kitako cha bunduki hakikai vizuri. Kifuani ilikuwa inaacha uwazi, na uwazi kwenye fulana ya kuzuia risasi ni mlango. Hata nywele zilizofungwa nyuma zilikuwa zinasukuma helmeti ishuke machoni.

Mwaka 2012 ndipo askari wanawake wa divisheni ya 101 walipoanza kujaribu fulana iliyokatwa kwa ajili ya mwili wa mwanamke, wakaenda nayo Afghanistani. Hesabuni: vita ya Afghanistani ilianza 2001. Miaka kumi na moja! Na hao ni watu wenye bajeti.

Wala si wanawake tu. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilikuwa linasumbuliwa na ajali, na vyumba vya marubani vilikuwa vimejengwa kwa mtu wa wastani. Kijana mmoja mtafiti, Gilbert Daniels, akachukua vipimo vya marubani 4,063, akatazama vipimo kumi vya mwili, akauliza: ni wangapi wako karibu na wastani kwenye vyote kumi? Jibu lilikuwa sifuri. Hakuna hata mmoja. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya kila mtu hakikumtosha mtu yeyote. Baada ya hapo ndipo wakasisitiza viti vinavyosogezwa na mikanda inayorekebishwa. Ukisogeza siti ya gari mbele ili mguu ufike kwenye breki, akili ni hiyohiyo.

SEHEMU YA 5: Na sisi wenye gauni

Msidhani nazungumzia watu wengine. Sisi wahudumu wa afya pia tunavaa deraya yetu.

Nilipohudhuria mafunzo ya kuvaa vazi kamili la kinga, lile la Ebola na Marburg, nilipewa saizi ya mwanaume mrefu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mimi ni mfupi, mnanijua. Vazi lilikunjika miguuni, glavu zilizidi vidole, miwani ikapata ukungu ndani ya dakika chache. Ndani ya vazi lile joto linapanda haraka, na ndiyo maana kwenye vituo vya Ebola mtu haachwi ndani muda mrefu, ni kama saa moja hivi anatoka.

Ugumu mkubwa uko kwenye kuvua. Kuvua ndiko kunakoambukiza, maana uchafu uko nje ya vazi na ngozi yako iko ndani. Unatakiwa uvue polepole, hatua kwa hatua, bila kugusa ukuta wala mwenzako. Chumba tulichofanyia mazoezi ya kuvua kilikuwa cha kutosha mtu mmoja aliyevaa sare ya kawaida. Nikiwa nimevaa vazi, nikinyoosha viwiko kuvuta zipu, kiwiko kinagusa ukuta. Mwalimu anasema, "Umeshaambukizwa, rudia." Nikarudia. Kikagusa tena. Mara ya tatu nikamwambia, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mimi siwezi kupungua. Tuongeze chumba." Watu walicheka. Lakini wenzetu wa Kivu na Ituri, ule mlipuko wa 2018 hadi 2020, walivua mavazi hayo kila siku na virusi vya kweli juu yake. Pale kiwiko kikigusa ukuta hakuna kurudia.

Na lipo la kwetu la kila siku. Kuna kituo nilifanya kazi zamani, kwenye daftari la vifaa benchi la kliniki liliandikwa: watu 5. Mkubwa wetu mmoja alikuwa anakuja anahesabu mabenchi sita, anasema, "Thelathini wanakaa, kwa nini wengine wamesimama?" Sasa kaa pale uangalie. Mama wa kwanza ana tumbo la miezi minane, amekaa miguu imeachana, atabanaje? Wa pili ana mtoto mapajani na mwingine pembeni, na kikapu. Wa tatu ana mbeleko mgongoni, kwa hiyo anakaa ukingoni, asiegemee ukuta akamminya mwanaye. Hao watatu wamejaza benchi. Wawili waliosimama si wakorofi. Aliyeandika "watu 5" alimpima mama kama hana mimba, hana mtoto na hana kikapu. Mama huyo haji kliniki.

SEHEMU YA 6: Nachosema mimi

Maoni yangu ni haya, na anayepinga aje tubishane kwa adabu.

Pale inapohusu dawa, pima mwili mtupu. Pale inapohusu nafasi, yaani siti, mlango, benchi, kitanda na mkanda, mpime mtu na mzigo wake. Jeshi lenye fedha zote lilijifunza hilo kwa magari kupinduka na kwa wanawake kuvaa fulana zisizowatosha miaka kumi. Sisi hatuna haja ya kulipa ada hiyo upya.

Konda anakwambia, "Mama, mpakate mtoto, hiyo siti ya wanne." Wanne wa wapi? Mama mwenye mtoto mgongoni ni askari aliyevaa zana kamili, tofauti ni kwamba zana yake inapumua. Najua konda ana hesabu ya tajiri jioni, na mafuta yamepanda. Lakini hiyo hesabu isilipwe na mbavu za mtoto. Abiria wenzangu, na ninyi mnaotuangalia tukibanwa halafu mnageukia dirishani, semeni kitu. Ninyi mnaojenga vituo vya afya na kununua mabenchi, njooni mkae na sisi siku ya kliniki, siyo Jumapili kituo kikiwa kitupu.

Wakati tunasubiri wakubwa wasikie, yapo ambayo yako mikononi mwako. Shika haya:

Moja. Mtoto akiwa kwenye kiti cha gari, mvue koti, sweta nene na lile vazi la masikio ya sungura. Abaki na nguo nyepesi inayokaa mwilini. Funga mkanda, ukaze, halafu mfunike blanketi JUU ya mkanda, kuanzia kifuani kushuka, uso uwe wazi. Jaribu kufinya mkanda pale begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, haujakaza. Akina mama mlioko Ulaya, Marekani na Kanada, hii ni yenu zaidi, baridi yenu siyo ya mchezo na makoti yenu ni magodoro.

Mbili. Mjamzito, mkanda unafunga. Usiache ati tumbo limekuwa kubwa. Wa chini upite CHINI ya tumbo, ukae kwenye mifupa ya nyonga. Wa juu upite katikati ya matiti, ushuke pembeni ya tumbo. Koti nene lifungue, mkanda ukae karibu na mwili. Sogeza siti nyuma kadiri unavyoweza.

Tatu. Usimfunge mtoto ndani ya mkanda wako mwenyewe. Naona wazazi wanafanya kwa upendo. Gari likigonga, uzito wako wote unamkandamiza yeye kwenye mkanda.

Nne. Ukipanda daladala na mbeleko, mlete mtoto mbele kabla hujakaa. Mgongoni utamwegemea bila kujua, na abiria wa nyuma naye atamsukuma. Mbele unaona uso wake na pua yake. Na bodaboda na mtoto mchanga katikati, uso umelaliwa na jaketi la dereva, mimi sipendi. Nimesema wazi, nitukaneni.

Tano. Paja likiwaka moto au kufa ganzi kwa nje, kwa mjamzito au kwa mwanajeshi wako aliyerudi, au mkono ukikosa nguvu baada ya kubeba mzigo mzito, msikae nalo nyumbani mkijipaka dawa ya kuchua. Njooni mwonekane.

Yule baba wa Jumanne alifupisha mikanda mwenyewe palepale nje, mkono mmoja unavuta, mwingine uko chini ya mkanda unapima. Mtoto akiwa na fulana na kisweta chepesi, blanketi la bibi yake juu, masikio ya sungura yakiwa kwenye mfuko. Akaniuliza, "Nesi, sasa inatosha?" Nikajaribu kufinya, nikakosa mkunjo. Nikamwambia inatosha. Akasimama akautazama mkanda muda mrefu kuliko nilivyotegemea, halafu akafunga mlango taratibu.

Kesho asubuhi kabla hujaondoka, fanya jaribio la ngumi kwenye kiti cha mwanao. Kama huna gari, mtumie dada au rafiki yako mwenye nalo. Jumapili tunarudi kwenye chanjo, safari hii sikwepi.

Nesi wenu. Usiku mwema.